Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza kuhusu mgambo wa Vita vya Kagera

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni dereva wa lori, mkazi wa Usagara, wilayani Misungwi. Ombi langu nalitanguliza, usije ukafika katikati ya barua ukadhani naomba fedha: naomba uwaagize watendaji wa kata zote za mkoa huu waandike majina ya wazee walio hai waliokwenda Vita vya Kagera wakiwa mgambo, na agizo hilo litoke mapema, kabla ya Siku ya Mashujaa ya 25 Julai.

Nimesema mgambo kwa makusudi. Askari wa kudumu ana namba, ana faili, ana kikosi kinachomtambua hata akiwa kaburini. Mgambo wa 1978 alitoka shambani, dukani, kiwandani au kwenye usukani, akapewa sare na bunduki, akaenda, akarudi, akavua sare, akashika jembe. Anayejua kwamba alikwenda ni mke wake, kama yupo, na wenzake wa gari moja, kama wapo. Kila mwaka wanapungua, na hakuna daftari linaloonyesha kwamba wamepungua, kwa sababu hawakuwahi kuhesabiwa kijiji kwa kijiji.

Nitakueleza habari za mmoja wao, maana huyo ndiye ninayemjua. Ni babu yangu mzaa baba. Jina lake na la kijiji chake yamo kwenye nakala niliyoileta ofisini kwako. Hapa siliandiki, kwani mwenyewe hataki kusomwa na watu asiosalimiana nao.

Kadi yake ya ubatizo inasema 1936. Shule aliiacha mapema, akaingia kwenye magari. Wakati Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya pamba, unaanza mwaka 1955, ule uliokuja kuwa Nyanza, vijana wengi wa Usukuma waliona ajira ya kwanza ya mshahara kupitia pamba, na yeye alikuwa mmoja wao: tandiboi wa lori la kusomba pamba kutoka vyama vya msingi kwenda vinu vya kuchambulia. Tandiboi wa zamani, Mheshimiwa, hakuwa mtu wa kukaa juu ya mzigo akipungia watu mkono. Ndiye aliyelala chini ya gari, ndiye aliyebeba jeki na sululu, ndiye aliyetangulia kupima mto kwa miguu kabla gari halijaingia. Babu aliifanya kazi hiyo miaka kadhaa ndipo akapewa usukani. Alikuja kuwa mtu wa kutafutwa msimu wa masika, kwa sababu udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa haumheshimu dereva yeyote, na yeye alikuwa na namna yake ya kuupita ambayo hadi leo hajanifundisha vizuri.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Ajira ikaisha. Akamwendeshea gari tajiri mmoja wa Makoroboi, Mwanza mjini, Bedford la tani saba, akipeleka chumvi na sabuni Geita na kurudi na mihogo. Jioni alikuwa kwenye mafunzo ya mgambo kama watu wazima wengine wa kijijini, yale yaliyopewa nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971. Walifanya kwata kwa bunduki za kuchonga. Bibi alikuwa akiwacheka.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka na kushika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800 za nchi yetu, katika mkoa uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alihutubia taifa, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo hata watoto waliozaliwa juzi wanaijua. Siku zilizofuata magari ya watu binafsi na ya mashirika yakaanza kuchukuliwa kupeleka jeshi mbele. Bedford la tajiri likawemo.

Hapa ndipo Babu angeweza kurudi nyumbani. Lililotakiwa lilikuwa gari. Yeye alikuwa na miaka 42, watoto sita, na mguu mmoja uliowahi kuvunjika. Kwa jinsi anavyosimulia, afande aliyekuwa akikagua magari alimtazama akamwambia, "Mzee wangu, rudi ukalime, hapa tunataka vijana." Babu akamuuliza hao vijana wanaijua barabara ya Biharamulo. Afande akasema watajifunza. Babu akamjibu, "Basi watajifunzia Sengerema, na gari litabaki huko huko."

Akaandikwa. Kwenye msafara wakamwita Babu, kwa kuwa waliomzunguka wengi walikuwa wa miaka 19, 20. Sisi wajukuu wa kweli tulilikuta jina hilo limeshazoea kutumika.

Njia waliyopita ndiyo ninayopita mimi na mzigo wa Bukoba: Usagara, Kigongo, unavuka Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Sasa ni lami, na tangu Juni 2025 pale Kigongo kuna daraja la kilomita 3 ambalo nalivuka kabla sijamaliza wimbo mmoja wa redio. Wao walisubiri pantoni. Halafu ilikuwa Novemba, mvua za vuli zimekolea, na barabara yenyewe ilikuwa ya udongo iliyokatwa vipande na magari yaliyotangulia. Watu wakisimulia vita vile wanaanza na mizinga. Babu anaanza na tope.

Anacho kitabu cha safari, kile kidaftari cha dereva cha kuandikia mafuta na mzigo. Alikizoea tangu ushirika na hakuacha kukijaza vitani, ingawa hakuna aliyemwambia akijaze. Ameandika kwa penseli, maana kalamu ya wino ililowa ikafutika. Nimekishika mara nyingi. Kurasa nyingine zimeshikana, nyingine zina alama za dole lenye grisi. Nakunakilia mistari michache kama ilivyo:

"Biharamulo. Unga magunia 60. Magari 4 mbele yamekwama. Tumelala hapo hapo."

"Tope."

"Tope. Unga magunia 3 yameloa, tumekula hayo."

"Tumetoka saa 9 usiku. Springi ya kushoto imekatika, tumefunga mti."

Dereva mwenzangu akisoma huo mstari wa mwisho ataelewa. Springi ya nyuma ya Bedford ikikatika ukiwa na tani saba, unachonga gogo la mti mgumu, unalikaza kwa mnyororo kati ya fremu na ekseli, kisha unaendesha ukisikiliza kuliko unavyotazama. Hapo mzigo ni risasi na chakula cha watu wanaongoja.

Kyaka, kwenye Mto Kagera, walikuta daraja halipo. Watu wa Amin walijaribu kwanza kulivunja kwa ndege wakashindwa, ndipo wakaleta wataalamu wa baruti kutoka mgodi wa Kilembe, wakalilipua tarehe 3 Novemba. Walidhani mto utawalinda. Wahandisi wa JWTZ wakafunga daraja la vyuma vya kuunganisha, na magari yakavuka kwa zamu, usiku, taa zimezimwa. Nimemuuliza Babu mara nyingi walivukaje lori gizani kwenye daraja la upana ule. Anasema tandiboi wake, kijana wa Kwimba, alitangulia kwa miguu akitembea taratibu katikati ya daraja, amefunga kitambaa cheupe mgongoni. Babu hakuona daraja wala mto. Aliona kitambaa. Kikisimama, anasimama. Kikienda, anaenda. Anasema alihofia zaidi kumgonga yule kijana kuliko kuanguka mtoni.

Ng'ambo ya pili vijiji vilikuwa vitupu. Ng'ombe wamechukuliwa, mabati yameng'olewa, na watu waliouawa bado hawajazikwa wote. Kuhusu hayo Babu hasemi sana, na mimi simlazimishi.

Tutaruka miezi. Mutukula ilichukuliwa Januari 1979, Masaka tarehe 24 Februari. Lori lilifanya kazi ya kurudi na kwenda: unga, maharage, risasi, mapipa ya dizeli, majeruhi. Nataka nikufikishe Lukaya kwa sababu hapo ndipo wanaosimulia vita vyetu huwa wanaongeza mwendo.

Lukaya iko kati ya Masaka na Kampala. Barabara inapita juu ya tuta, huku kinamasi na huku kinamasi, mafunjo yameota pande zote. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, ndiyo iliyokuwa mbele jioni ya tarehe 10 Machi, na Babu alikuwa kwenye magari yanayoihudumia. Majeshi ya Amin, pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia, wakafyatua maroketi. Mengi yalipita juu ya vichwa yakaangukia nyuma. Lakini mtu aliyekuwa shambani kwake Oktoba hawezi kujua kwa mlio peke yake kwamba roketi limekosea. Safu ikavunjika.

"Tulikimbia," ndivyo Babu anavyosema, bila kushusha sauti. Wenye miguu walikimbia kwa miguu. Yeye alikuwa na gari juu ya tuta ambako huwezi kugeuza, majeruhi wamepakiwa juu ya mapipa. Akarudi rivasi. Kioo kilikuwa kimevunjika zamani, na nje giza. Kijana wa Kwimba alining'inia mlangoni akipiga bodi kwa kiganja: pigo moja kulia, mapigo mawili kushoto. Mimi nimeendesha lori miaka mingi, Mheshimiwa. Kurudi rivasi na mzigo hata uwanjani mchana kweupe, mtu akikuelekeza, kunatoa jasho.

Kesho yake, tarehe 11, Brigedi ya 208 ilizunguka ikatokea upande wa Kampala, na hao hao mgambo waliokimbia usiku wakajipanga upya wakashambulia kutoka mbele. Lukaya ikachukuliwa, na wanaoandika habari za vita vile wanaihesabu kuwa moja ya mapigano makubwa kuliko yote ya vita hivyo. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Nakueleza habari ya kukimbia kwa sababu ningependa iandikwe pamoja na ya kurudi. Askari wa kazi angerudi kwa amri. Mtu mwenye watoto sita Usagara, ambaye tangu mwanzo aliambiwa akalime, alirudi kwa sababu gani? Nimemuuliza. Alinijibu kwamba gari lilikuwa na mzigo wa watu wale.

Alichobeba kurudi Masaka asubuhi hiyo ameniambia mara moja tu. Sitakiandika hapa. Atakayetumwa na ofisi yako akaulize mwenyewe, kama Babu atataka kusema.

Huku nyumbani nako hakukuwa salama, jambo ambalo vijana wengi wa jiji hili hawalijui. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, Tupolev Tu-22, ilitumwa kuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ikakosea shabaha. Mabomu yakaangukia Saanane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama ya serikali tangu 1964, yakaua swala kadhaa. Bibi alikuwa sokoni na mtoto mgongoni. Anasema mshindo uliposikika watu waliacha dagaa wao chini wakakimbia, na waliporudi dagaa walikuwepo na mizani haikuwepo. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo. Nilipokwenda Saanane na wanangu, mwenyeji wetu alitusimulia habari ya wale swala vizuri kabisa. Nilifurahi, kisha nikawaza kwamba swala wa Saanane wana mtu wa kuwataja na mgambo wa Misungwi hawana.

Na kwa kuwa tumeingia mjini: pale kwenye mnara wa saa, katikati ya jiji, kuna bamba linalomtaja Speke, mpelelezi wa Kiingereza, aliyeyaona maji ya ziwa hili akiwa juu ya kilima cha Isamilo tarehe 3 Agosti 1858. Sina ugomvi na Speke. Alipanda kilima akatazama maji ambayo wazee wetu walikuwa wanayavulia samaki, na akaandikwa.

Babu alirudi mwaka 1980. Lori halikurudi, ekseli ilikatika njia ya Masaka na hapakuwa na spea. Alipokwenda kumsalimia tajiri wake, swali la kwanza aliloulizwa ni gari liko wapi. "Liko Uganda," akamwambia, "nenda kalichukue." Wakabaki marafiki hadi tajiri alipofariki. Mwalimu alikuwa ameshatuomba tufunge mikanda miezi 18, na kila mtu mwenye umri anajua mikanda ile ilifungwa muda mrefu kuliko hapo. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, tairi usiulize. Silaha zikazagaa, wezi wa ng'ombe wakawa na bunduki, na miaka michache baadaye Usukuma ikajibu kwa Sungusungu. Babu akawemo pia, ila hiyo ni barua nyingine. Alilima pamba na mpunga, akasomesha anaoweza, akazeeka.

Oktoba 2024 redio ikatangaza kifo cha Jenerali David Musuguri, mtoto wa Butiama, aliyeingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, akapigana Madagascar, na akiwa na miaka 59 akaiongoza Divisheni ya 20 kuingia Kampala. Alifikisha miaka 104 na akazikwa kwa heshima zote za kijeshi, kama ilivyostahili. Kanda hii ya Ziwa ilitoa jenerali wa vita vile, na ilitoa pia madereva wake. Babu alifuatilia matangazo yote ya mazishi, sikio kwenye redio kwa kuwa lile la kulia halisikii tangu Lukaya. Mwishoni akasema neno moja: hawajasema waliobaki ni wangapi.

Ndilo lililonifanya nimpeleke kwenye ofisi moja ya umma. Siitaji, na sitaki mtu yeyote achukuliwe hatua. Tulipokewa kwa adabu, tukapewa viti. Ofisa akamwomba namba ya jeshi. Babu akasema ya kwake ilikuwa kwenye kadi, na kadi iliungua na nyumba. Akaombwa barua ya kuachishwa. Akasema hakuachishwa kwa barua, waliambiwa kwenye uwanja wakapanda magari. Akatoa kitabu cha safari. Ofisa akakipekua, akakirudisha, akasema kwa upole kwamba hicho si nyaraka ya jeshi, ni ya gari. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani alidhani linatuliza: "Mzee, ninyi mlijitolea. Aliyejitolea hana madai."

Babu akamshukuru. Njiani hakulalamika, alinisema tu kwamba naendesha nikiwa nimekanyaga klachi.

Mheshimiwa, nimeligeuza geuza neno la yule ofisa na naona kisheria huenda yuko sawa. Basi tuliache dai. Malipo ya mgambo ni mjadala wa Dodoma, na wewe hukuletwa Mwanza kuujibu. Lakini kuandikwa jina si malipo. Kama kujitolea kunamwondolea mtu haki ya kudai, hakuwezi kumwondolea pia ukweli kwamba alikuwepo. Kwa hesabu ya sasa, aliyeitwa kwa lazima anakumbukwa na faili, na aliyekwenda kwa hiari yake, tena akiwa ameshapita umri wa kutafutwa, anakumbukwa na penseli yake mwenyewe.

Waliokufa wana Kaboya. Kule Muleba kuna makaburi yao, kuna mnara, viongozi hufika, na nikipita huwa nashukuru kwamba taifa lilifanya lile. Hawa waliorudi ndio tusiojua tuwaweke wapi.

Vifaa vya kazi hii unavyo tayari. Mkoa una Mshauri wa Mgambo na kila wilaya ina wa kwake. Watendaji wa kata wanazijua kaya zenye wazee, maana wanaziandika kila kukicha kwa mambo mengine. Pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kina vijana wanaosomea uandishi wa habari ambao kila muhula wanatafuta mtu wa kumhoji; wapewe wazee hawa, warekodi sauti zao kwa simu zao hizo hizo, na nakala ziende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Anayekosa namba ya jeshi akubaliwe kwa ushahidi mwingine: picha, barua aliyomtumia mkewe, kitabu cha gari, mwenzake wa msafara anayemtaja. Halafu tarehe 25 Julai orodha ya kila wilaya isomwe kwa sauti uwanjani, jina na kijiji. Ikichukua saa nzima, na ichukue. Tumeshakaa juani kusikiliza itifaki ndefu kuliko hiyo.

Najua utaambiwa waongo watajaa. Watakuwepo. Lakini kuwachuja si kazi ngumu, na mzee yeyote aliyekwenda kweli atakusaidia. Mwulize mtu walikula nini, walilala wapi siku ya mvua, walivukaje Kyaka, nani aliyekuwa akigawa sigara. Muongo atakusimulia jinsi alivyowafyeka maadui. Aliyekuwepo atakulalamikia viatu. Babu hadi leo analalamika kwamba alipewa viatu viwili vya mguu wa kushoto na akavivaa hadi Mutukula.

Jambo la mwisho ni la haraka yenyewe. Kijana wa Kwimba, yule wa kitambaa cheupe, alikuwa shahidi pekee wa Babu aliyekuwa hai ninayemfahamu. Tulipokwenda kumtafuta Ngudu tulikuta matanga yameshaanuliwa. Mwanawe alituuliza kama ni kweli baba yake alifika Uganda, maana alikuwa akisema hivyo na wao walidhani ni maneno ya pombe. Babu alikaa na wale watoto mpaka jioni akiwaeleza. Walikuwa wanne, wote watu wazima, na mmoja wao alikuwa akiandika nyuma ya daftari la michango ya msiba. Nadhani orodha ya wilaya ya Kwimba ilianzia hapo, kwa hiyo usiseme unaanza na karatasi tupu.

Ukiamua kumtuma mtu, aje Usagara asubuhi, maana baada ya chakula cha mchana Babu hulala. Akae upande wake wa kushoto na aongee kwa sauti. Kitabu cha safari tutampa akisome hapo hapo barazani, apige picha kurasa anazotaka, lakini asiondoke nacho. Na kama ana gari, aliache kwenye lami: mvua zimeanza, na njia ya kwetu kutoka barabara kuu bado ni ya mbuga.

Wako mtiifu,

Mjukuu wake, dereva
Usagara, Misungwi